Je, Udaktari wa Fizikia Una Umri Wake?

Lipo swali moja ambalo walimu wa fizikia huulizwa mara kwa mara, nao hulijibu upesi na kuendelea na somo: mtu humaliza masomo ya udaktari wa fizikia akiwa na umri gani? Mwulizaji aghalabu ni mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, na swali lake halitokani na udadisi mtupu. Ndani yake limejificha swali jingine ambalo hakuthubutu kulitamka, nalo ni kama yeye amekwisha kuchelewa. Kijana wa kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, ana sababu nyingi zaidi za kuuliza hivyo kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, kwa kuwa safari yake ya elimu huanza kwa kuvuka maji, na kila kivuko kina ngoja ngoja yake.

Kwanza yafaa ieleweke ni udaktari gani unaozungumzwa hapa. Siye daktari wa hospitali, bali ni mwenye shahada ya juu kabisa ya chuo kikuu, ambayo Kiswahili cha leo kimeipa jina la uzamivu. Jina hilo lina uhusiano na kuzama, na mwana wa mvuvi hahitaji kuelezwa maana yake. Mwenye shahada hiyo ameshuka katika jambo moja dogo hadi mahali ambapo hakuna aliyefika kabla yake, akarudi juu na kitu mkononi.

Bumbire si mahali pageni kwa fizikia. Vitabu vya historia hukitaja kisiwa hiki kwa jambo moja tu, yaani risasi ambazo Henry Morton Stanley aliwamiminia watu wake mwezi Agosti 1875, kana kwamba tangu siku hiyo hapakutokea kitu kingine cha kuandikwa. Kumbe kila usiku mambo ya kuandikwa hutokea. Wavuvi wa dagaa huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za umeme wa jua, nao hupumzika mwezi unapokuwa mpevu kwa kuwa nuru ya taa haishindani na nuru ya mbalamwezi. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa. Basi upepo huvuma kutoka pwani zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa hukutana huko, hupanda, na kuzaa mawingu ya radi. Pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo upande wa magharibi. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya yapata milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Musoma, ng'ambo ya pili ya ziwa lile lile, haipati hata nusu yake. Kujua radi itapiga wapi na saa ngapi ni suala zito la fizikia ya hewa, na kwa watu walalao ziwani ndani ya mitumbwi ni suala la uhai. Mada ya tasnifu, basi, iko mlangoni. Kinachobaki ni hesabu ya miaka.

Hesabu hiyo na ifanywe kwa mtoto mmoja wa kubuni, aliyezaliwa Bumbire mwezi Januari mwaka 2000, ambaye hakurudia darasa, hakuugua, hakukosa ada wala nauli ya mtumbwi. Ameanza darasa la kwanza mwaka 2007 akiwa na miaka 7. Amemaliza la saba mwaka 2013, na kidato cha nne mwezi Novemba 2017, akiwa na miaka 17. Hapo amekaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka, kwa maana kidato cha tano huanza Julai. Tuseme amechaguliwa kwenda Ihungo, au kama ni msichana Rugambwa, kusoma Fizikia, Kemia na Hisabati. Amefanya mtihani wa kidato cha sita katikati ya mwaka 2020 akiwa na miaka 20, akaingia chuo kikuu mwishoni mwa mwaka huo. Shahada ya kwanza ya sayansi ni miaka 3: ana miaka 23. Uzamili ni miaka 2: ana miaka 25. Uzamivu, kwa ratiba iliyoandikwa, ni miaka 3 au 4. Mwaka 2029, akiwa na miaka 29, mtoto wa Bumbire anavaa joho jekundu.

Sasa na alinganishwe na wenzake. Nchini Marekani kijana humaliza sekondari akiwa na miaka 18, shahada ya kwanza akiwa na 22, kisha huingia moja kwa moja katika udaktari, ambao kwa fizikia huchukua yapata miaka 6. Wengi wao, basi, humaliza wakiwa na miaka 28 hadi 30. Uingereza ni wepesi zaidi, kwa sababu shahada za mwanzo hukamilika katika miaka 3 au 4 na udaktari katika miaka mingine 3 au 4. Kijana asiyepumzika njiani humaliza akiwa na miaka 25 hadi 27. Jambo la kuzingatia ni hili: kwa mujibu wa karatasi, ngazi ya elimu ya Tanzania humfikisha kijana juu katika umri ule ule unaomfikisha Mmarekani. Wale walalamikao kwamba mitaala yetu ni mirefu mno hawajafanya hesabu hii. Lakini kila mwenye kuzifahamu idara zetu za sayansi anajua kwamba si ajabu hata kidogo kumwona mtu akihitimu uzamivu akiwa na miaka 40, au 45, au zaidi. Ile tofauti ya miaka 10 na ushei haimo katika mitaala, wala haimo katika vichwa vya watu. Imo katika nafasi zilizo kati ya ngazi moja na nyingine.

Kabla ya kuzichunguza nafasi hizo, hapana budi kuondoa kizuizi kimoja ambacho shule zenyewe zimekijenga. Walimu hupenda kuwasimulia wanafunzi habari za vijana wa ajabu. Werner Heisenberg alipata udaktari mwaka 1923 akiwa na miaka 21. Wolfgang Pauli naye alikuwa na miaka 21 mwaka 1921. Paul Dirac alikuwa na 23, Abdus Salam wa Pakistan 25, Albert Einstein 26. Habari hizi ni za kweli, ila zikisimuliwa peke yake hudanganya. Heisenberg alikuwa mtoto wa profesa wa chuo kile kile cha München alikosomea, na katika Ujerumani ya siku zile hapakuwa na shahada mbili za kupitia kwanza. Kijana aliingia chuoni akatoka daktari. Tena ni vizuri wanafunzi waambiwe kwamba katika mtihani wake wa mdomo Heisenberg alishindwa kueleza jinsi betri inavyofanya kazi, akakaribia kuanguka. Miaka 2 baadaye aliandika makala iliyofungua mlango wa umekanika wa kwanta. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aijuaye betri anaweza kujipongeza kidogo.

Upande wa pili wa orodha husimuliwa mara chache. Louis de Broglie aliwasilisha tasnifu yake mwaka 1924 akiwa na miaka 32, kwa kuwa jeshi lilimchukua miaka kadhaa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akihudumu katika kituo cha redio cha mnara wa Eiffel. Tasnifu hiyo, iliyosema kwamba chembe za maada zina tabia ya mawimbi, ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Konstantin Novoselov alipata udaktari mwaka 2004 akiwa na miaka kama 30, mwaka ule ule yeye na Andre Geim walipotangaza ugunduzi wa grafini. Mwaka 2010 wakatuzwa. Na mwaka 2021 Manfred Steiner, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya damu maisha yake yote, alihitimu udaktari wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani akiwa na miaka 89.

Lakini katika wote hao, maisha yanayofanana zaidi na ya watu wa Kagera ni ya Marie Curie. Alizaliwa Warsaw mwaka 1867, katika nchi ambayo wakati huo ilitawaliwa na Warusi na ambamo wanawake hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu. Yeye na dada yake Bronisława walifanya mapatano: Marie abaki akifanya kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za matajiri, ampelekee dada yake fedha za kusomea udaktari wa tiba Paris, dada akimaliza, amsaidie yeye. Ni desturi ile ile ya familia zetu nyingi, ambamo wa kwanza kusoma huwavuta wengine, na aliyebaki nyuma husubiri zamu yake akiuza kahawa, ndizi au dagaa. Marie alisubiri miaka kadhaa. Alifika Paris mwaka 1891 akiwa na miaka 24, umri ambao Heisenberg alikuwa na udaktari wa miaka 3. Mwaka 1893 alikuwa wa kwanza katika shahada ya fizikia, mwaka 1894 wa pili katika hisabati. Tasnifu yake juu ya vitu vyenye mnururisho aliitetea mwezi Juni 1903, akiwa na miaka 35 na mama wa mtoto mmoja. Mwezi Desemba mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. Kama chuo kikuu cha Paris kingekuwa na kanuni ya kuwakataa wanafunzi waliozidi miaka fulani, dunia ingechelewa kuijua radiamu.

Wapo wasemao kwamba fizikia ni kazi ya vijana, na kwamba baada ya miaka 30 akili ya mwanafizikia imekwisha kupoa. Neno hili lilikuwa na chembe ya ukweli wakati fulani. Benjamin Jones na Bruce Weinberg, wachumi wa Marekani, walichunguza umri wa washindi wa Tuzo ya Nobel wakati walipofanya kazi zilizowapatia tuzo, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Walikuta kwamba ujana ulishamiri katika fizikia miaka ya 1920, pale nadharia ya kwanta ilipokuwa mpya na hapakuwa na mengi ya zamani ya kujifunza kwanza. Baadaye umri ulipanda. Kufikia mwaka 2000, katika fizikia, ni kazi 19 tu kati ya 100 zilizofanywa na mtu aliye chini ya miaka 40. Fizikia ya sasa ina vyombo vingi, hesabu nyingi na makala nyingi za kusoma. Mtu hukomaa polepole. Kwa hiyo anayemwambia mwalimu wa miaka 33 kwamba wakati wake umepita anatumia kipimo cha karne iliyopita.

Hapa Tanzania tunao mfano wetu, ingawa hauhusu udaktari moja kwa moja. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Tanga, aliyekuwa na miaka kama 13, aliona kwamba maziwa ya moto aliyotia katika jokofu ya kutengenezea aiskrimu yaliganda kabla ya maziwa ya wenzake yaliyokuwa yamepoa. Alipouliza alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Huyu hakucheka, alirudi maabara akajaribu. Makala yao wawili ilitoka mwaka 1969 katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo ni la hakika na chini ya masharti gani, na ubishi huo wenyewe ni heshima kwa swali. Hata hivyo Mpemba hakuwa mwanafizikia. Alisomea usimamizi wa wanyamapori, akatumikia idara ya wanyamapori ya serikali. Alikuwa na swali la mzamivu akiwa na miaka 13, na hapakuwa na ngazi mbele yake. Wanafunzi wanapohadithiwa habari za Mpemba, sehemu hii ya mwisho huachwa, nayo ndiyo yenye uzito.

Zamani nafasi kati ya ngazi na ngazi ziliwekwa kwa makusudi. Kuanzia miaka ya 1960 wahitimu walitakiwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliongeza kwamba mwanafunzi wa kidato cha sita afanye kazi angalau miaka 2 kabla ya kuomba chuo kikuu, tena apate maoni mema ya mahali pake pa kazi na ya tawi la chama. Lengo lilikuwa jema, nalo ni kuvunja ukuta kati ya msomi na mkulima, na hakuna haki ya kusema kwamba miaka hiyo haikumfaa mtu. Lakini hisabati hushika kutu kama jembe. Mwanafunzi aliyeacha kukokotoa kwa miaka 3 hurudi darasani akiwa mgeni wa jambo alilolijua. Kwa fani kama siasa na kilimo, huenda taifa lilipata zaidi ya lilichopoteza. Kwa fizikia, hasara ilikuwa kubwa kuliko ilivyokiriwa.

Njia ya kizazi hicho inaonekana vizuri katika maisha ya mtu anayejulikana na wote, mzaliwa wa ufuko wa ziwa hili hili, ingawa yeye alisomea kemia. John Magufuli alizaliwa Chato mwezi Oktoba 1959, wakati Chato ilipokuwa sehemu ya Biharamulo. Alipomaliza kidato cha sita na stashahada ya ualimu, alifundisha kemia na hisabati huko Sengerema, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 1988, akikaribia miaka 29. Yaani aliianza ngazi ya kwanza ya chuo katika umri ambao Heisenberg alikuwa profesa. Uzamili ulifuata mwaka 1994, na uzamivu mwaka 2009, alipokuwa na miaka kama 50, katikati ya kazi za ubunge na uwaziri. Miaka 15 kati ya uzamili na uzamivu haiwezi kuitwa yote ya kusubiri, kwa kuwa siasa aliichagua mwenyewe. Lakini ile ya kabla ya 1985 haikuwa uamuzi wake peke yake. Nchini Kenya, Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyeasisi kituo cha utafiti cha ICIPE mwaka 1970, naye alipitia kazi ya serikali kwanza, akapata udaktari Cambridge mwaka 1965 akiwa na miaka 34. Wangari Maathai alipata wake Nairobi mwaka 1971 akiwa na miaka 31.

Siku hizi hakuna azimio linalomzuia mtu. Kinachomzuia ni ukimya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, fedha zake kwa sehemu kubwa sana huenda kwa shahada ya kwanza. Baada ya hapo kijana hujitafutia. Mhitimu wa fizikia aliyetoka Bumbire ana wadogo zake wanaomngoja, kama Bronisława alivyongojewa na Marie. Hawezi kuwaambia wangoje miaka mingine 6. Huomba kazi ya ualimu, akangoja ajira. Huajiriwa, akangoja kuthibitishwa. Huthibitishwa, akaomba ruhusa ya kwenda masomoni, akangoja. Akiisha kuingia katika uzamivu wenyewe, ile miaka 3 au 4 hugeuka kuwa 6 au 7: kifaa cha maabara kimeharibika na kipuri kiko ng'ambo, sampuli imepelekwa nje kupimwa, msimamizi ana wanafunzi wengi na vipindi vingi, na mwanafunzi mwenyewe anafundisha ili ale. Hakuna hata moja katika hayo linalopima akili ya mtu.

Je, yafuata kwamba umri hauna maana? La. Hapa ndipo wengi wenye nia njema hupotea, kwa kusema kwamba elimu haina mwisho na kila umri ni sawa. Kwa mtu mmoja mmoja ni sawa. Steiner wa miaka 89 hakuwa na deni kwa mtu yeyote. Kwa taifa si sawa. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60, ingawa maprofesa wameongezewa muda. Aliyepata uzamivu akiwa na miaka 29 ana miaka 31 mbele yake, na kama kila mwanafunzi wa uzamivu anahitaji usimamizi wa miaka 4, anaweza kusimamia mizunguko 7 mmoja baada ya mwingine. Aliyeupata akiwa na miaka 45 ana mizunguko 3. Tuseme kila mzunguko una wanafunzi 2: wa kwanza ataliachia taifa wazamivu 14, wa pili 6. Na hao 6 nao wakihitimu na miaka 45, hasara huzidishwa juu ya hasara. Hivyo ndivyo idara inavyoweza kuwa na wasomi hodari, wenye bidii, na bado ikakosa warithi pale wazee watatu wanapostaafu kwa mkupuo. Umri wa kuhitimu, basi, usitumiwe kumpima mwanafunzi. Utumiwe kuipima ngazi.

Ajabu ni kwamba mambo hufanywa kinyume. Ngazi haipimwi, na mwanafunzi ndiye huadhibiwa. Ufadhili wa serikali ya China, ambao Watanzania wengi huutegemea, humtaka mwombaji wa uzamili asizidi miaka 35 na wa uzamivu asizidi 40. Ule wa serikali ya Japani kwa watafiti umeweka mpaka wa miaka 35. Nchi hizo zina haki ya kupanga masharti ya fedha zao, na masharti hayo yanafaa kwa vijana ambao hawakungojeshwa na mtu. Ila ufadhili wa humu nchini hauna sababu ya kuyaiga. Mwalimu aliyefundisha nadharia ya mawimbi kwa miaka 10 bila maabara, akatengeneza mwenyewe tangi la mawimbi kwa beseni na kioo, anajua fizikia kwa namna ambayo kijana wa miaka 24 bado hajaijua. Kikomo kikiwepo, na kihesabiwe kwa miaka tangu shahada ya mwisho, tena miaka ya ualimu vijijini na ya uzazi iondolewe katika hesabu.

Pingamizi moja ni la haki na halipasi kufichwa. Shule za sekondari zina upungufu mkubwa wa walimu wa fizikia, na shule za visiwani ndizo huachwa kwanza. Mwalimu mmoja akiondoka kwenda uzamivu, huenda kidato kizima kikabaki bila somo. Mwalimu mkuu anayekataa kutia sahihi barua ya ruhusa hafanyi hivyo kwa uchoyo; anawatazama wanafunzi 80 waliobaki. Lakini kumfungia mwalimu milango ili asiondoke ni sawa na kuvua dagaa wachanga: mapato ya leo yapo, ya kesho hayapo. Njia ya katikati ipo na imekwisha kujaribiwa. Mpango wa Kimataifa wa Sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, ulioanza mwaka 1961 kwa fizikia, umewasaidia watafiti wa Dar es Salaam, hasa wa nishati ya jua, kwa mtindo wa kupokezana: mtafiti hukaa miezi michache katika maabara ya Uswidi, hurudi nyumbani kuendelea na kazi, kisha huenda tena. Hang'olewi. Mtindo huo ukishushwa hadi kwa walimu wa sekondari, mwalimu akasoma chuoni wakati wa likizo na muhula mmoja wa kila mwaka, huku mhitimu mpya akishika vipindi vyake kwa mkataba, shule haitabaki tupu na mwalimu hatangoja hadi nywele zigeuke.

Wala si lazima kila mara kutazama Ulaya. Tangu mwaka 2018 Kigali ina taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa msingi, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rwanda na mshirika wa kituo cha fizikia ambacho Abdus Salam alikiasisi Trieste, Italia, mwaka 1964 kwa ajili ya wanafizikia wa nchi maskini. Kutoka Muleba, Kigali ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam. Walimu wa Kagera wangeweza kuwatajia wanafunzi wao mahali hapo, pamoja na majina ya kozi na tarehe za kuomba, badala ya kuwatajia umri wa Heisenberg.

Na yule mtoto wa kubuni aliyezaliwa mwaka 2000, tuseme shahada ya kwanza ameipata mwaka 2023, naye akaajiriwa mara moja kufundisha kisiwani kwao. Akiruhusiwa kwenda masomoni baada ya miaka 5, ataanza uzamili mwaka 2028 akiwa na miaka 28, na uzamivu mwaka 2030. Hata kama utamchukua miaka 6, atamaliza mwaka 2036 akiwa na miaka 36, karibu na umri wa Marie Curie. Ruhusa ikichelewa hadi mwaka 2036, atakuwa na miaka 36 siku anapojaza fomu ya uzamili, na fomu ile ya miaka 35 haitampokea.